Makaburi Matatu na Karatasi Moja

Ukifika Kyela mjini ukamwulizia Enoki wa makaratasi, hutapotea. Nyumba yake iko nyuma ya soko, bati limeshika kutu, vyumba vitatu, na kimoja katika hivyo hakilali mtu. Humo amemweka marehemu Wakili Anyelwisye. Si mwili wake, Mungu apishe mbali. Mwili ulizikwa kwa heshima zote. Ni makaratasi yake: majalada ya kesi za ardhi tangu mwaka wa themanini na nne, mikataba ya mashamba, nakala za hukumu, ramani zilizochorwa kwa penseli, barua za watu ambao wenyewe wamekwisha kuwa udongo. Enoki alikuwa karani wa wakili huyo kwa miaka thelathini na mitatu. Yeye ndiye aliyepiga taipu karibu kila ukurasa uliomo humo.

Wakili alipofariki, watoto wake walikuja kutoka Dar es Salaam, wakalia, wakazika, wakagawana viti na kabati, na kuhusu makaratasi wakasema yachomwe. Yachomwe! Watu wengine wamesoma mpaka wamepitiliza. Mipaka ya nusu ya wilaya imo humo, nani alimuuzia nani, nani alimwazima nani, halafu wewe unatafuta kiberiti? Enoki hakubishana nao, maana hakuwa mtu wa kubishana. Alikodi mkokoteni, akayahamisha mwenyewe, safari kumi na moja, jua likimwakia utosini.

Mkewe, Felista, anayeuza usipa, wale dagaa wa ziwani, sokoni, alisimama mlangoni akitazama maboksi yakiingia.

"Chumba hicho si tulisema cha wajukuu?" akauliza.

"Wajukuu watalala na sisi."

"Haya. Kumbe miaka yote hii nilikuwa na mke mwenza, leo ndiyo ameletwa nyumbani."

Usimcheke Enoki. Alizaliwa Itungi, baba yake akiwa mchukuzi wa mizigo bandarini, enzi meli zilipokuwa zikishuka kusini na kurudi. Mzee yule alikuwa na shamba la mpunga, akanyang'anywa na binamu yake kwa kuwa hakuwa na hata kipande cha karatasi, akafa akilitazama kwa mbali. Enoki alikua na jambo hilo limemkaa kooni. Ndiyo maana alipopata kazi ya kupiga taipu kwa wakili wa mashamba, aliishika kazi ile kwa mikono miwili. Wakili alikuwa na usemi wake, asubuhi na jioni: mali bila daftari hupotea bila habari. Karani akauamini kuliko mwenye kuusema.

Basi watu wakawa wanamjia. Huyu kutoka Makwale, baba yake alinunua shamba la kakao mwaka fulani. Yule ametoka milimani, amesahau hata jina la aliyemuuzia. Enoki anawasikiliza, anaingia chumbani, anatoka na jalada. Hakuwahi kumwambia mtu kuwa karatasi yake imepotea. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, hana ng'ombe, hana gari, na alikuwa akijivunia waziwazi kabisa.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, akaja Tuntufye wa Ikolo.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, miguu imepasuka kwa kukaa majini. Alivua kandambili mlangoni, akapiga goti kidogo, akamwamkia kwa Kinyakyusa kama anavyoamkiwa baba.

"Ugonile, tata."

"Ena, ugonile, mama. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alianza kueleza akiwa amesimama, na maneno yakamtoka kwa mkupuo, na Enoki akamwacha amalize.

Ikolo ni tambarare, na maji yakija huko hayabishi hodi. Mwaka jana yaliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake. Mwaka huu yakachukua uliobaki, na vyungu, na mpunga wa mbegu. Sasa alikuwa analala kwenye chumba cha kuazima cha kanisa pamoja na wajukuu wawili. Alikuwa na mahali pamoja tu pakavu duniani: mwinuko ulioko nyuma ya shamba, urithi wa mumewe, Amon, kutoka kwa baba yake. Huko maji hayajawahi kufika. Huko ndiko Amon mwenyewe alikozikwa miaka mitano iliyopita. Tuntufye alifyatua matofali, akayapandisha kwa kichwa, ajenge karibu na kaburi la mume wake, aishi kama watu. Nelson, mtoto wa jirani yake, Mzee Sylvester, akayateremsha yote bondeni. Akasema mwinuko ule ni wa kwao. Ushahidi? Makaburi matatu ya kwao yapo pale, na miche ya kakao aliyoipanda kuyazunguka.

"Na kweli yapo?" Enoki akauliza.

"Yapo, tata. Tuliwapa sisi. Mwaka wa Elinino, kwao kaburi ukilichimba linajaa maji kabla hujaweka jembe chini. Mtoto wao alifariki. Amon akasema mtoto hawezi kuzikwa kwenye maji, mleteni kwangu. Baadaye akaja bibi yao, akaja na baba mdogo wao. Ungewakatalia wewe?"

"Na kakao?"

"Nelson alianza kupanda, Amon akanyamaza. Alisema mtu hafukuzwi kwenye kaburi la bibi yake." Akapangusa uso na ncha ya kitenge. "Nimefungua kesi baraza la ardhi. Wananiuliza, kama mliwaazima, maandishi yako wapi? Maandishi yalikuwepo, Amon aliniambia. Yaliandikwa kwa wakili wenu. Nakala yetu imekwenda na maji. Ya kwao nayo, wanasema imekwenda na maji. Imebaki ya kwako. Usipoipata, mimi na wajukuu wangu hatuna pa kuweka hata sufuria."

Enoki akasema, "Mama, mimi sipotezi karatasi."

Siku ngapi alitafuta? Kumi na saba. Maana hapo ndipo penye aibu: chumba chenyewe kilikuwa kimevuja. Majalada ya miaka ya tisini yalikuwa yamegandana, unavuta moja yanakuja matatu, unafungua ukurasa unachanika. Enoki aliyatoa barazani asubuhi, akayatandaza juani juu ya mkeka wa Felista wa kuanikia usipa, akawa anayatenganisha kwa kisu cha mezani. Alikula pale pale. Aliacha kwenda kwaya. Tuntufye alikuwa akija kila baada ya siku mbili, kwa miguu, anakaa pembeni anamtazama, na kumtazama kwake kulikuwa kunamchoma Enoki kuliko maneno.

"Ng'ombe wa maskini hazai," Tuntufye alisema siku moja, akainuka akaenda zake.

Siku ya kumi na saba ilikuwa Jumanne. Enoki alitenganisha hukumu mbili za shamba la mpunga, na katikati yake akaona majina: Amon wa Ikolo, Sylvester wa Ikolo, Machi 1998, muhuri wa wakili, sahihi tatu. Mwe! Mzee mzima aliruka. Alipiga kelele mpaka wauza nyanya wa upande wa pili wakadhani ameumwa na nyoka. Hakusoma zaidi ya majina. Alichukua simu, akampigia.

Na Tuntufye, kwa bahati ambayo ungedhani ni njema, asubuhi hiyo alikuwa kwenye baraza la ardhi, kesi yake inatajwa. Simu ilimkuta kwenye benchi. Aliposikia, alipiga kigelegele humo humo kwenye varanda ya serikali, akaingia ndani bila kuitwa, akamwambia mwenyekiti mbele ya Nelson na wakili wa Nelson kwamba karatasi imepatikana, iko kwa karani, haina shida. Mwenyekiti akamtuliza, akaandika. Akaamuru Enoki aitwe shahidi, na siku ya kusikilizwa aje na karatasi hiyo mkononi.

Mchana Tuntufye alifika kwa Enoki amebeba kuku.

"Ndaga, tata. Ndaga fijo." Alikuwa anashukuru, analia na kucheka. "Nisomee. Nataka nimsikie Amon."

Enoki alivaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya ofisini. Kifungu cha kwanza kilitaja wahusika. Cha pili kilitaja mahali: mwinuko wote, kutoka njia ya ng'ombe mpaka kijito. Cha tatu kikasema Amon, kwa moyo mweupe, amempa Sylvester mahali hapo ili awalaze watu wake kwa amani. Chini yake zikaja sahihi.

Akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Endelea," akasema Tuntufye.

Enoki hakuendelea. Alikuwa ameanza kukumbuka.

Ilikuwa Machi ya mvua. Amon na Sylvester waliingia mjini kwa miguu, maji kiunoni njia nzima, kwa sababu Wakili Anyelwisye alikuwa amewafundisha watu kila kijiji: usikubali mtu azike kwenye ardhi yako kabla ya maandishi, kaburi ni ushahidi mkubwa kuliko nyumba. Maiti ya mtoto wa Sylvester, Jubilate, wa miaka tisa, ilikuwa imelazwa kwa Amon ikisubiri wao warudi. Sylvester hakuingia ofisini. Alikaa kwenye benchi la nje, suruali inamchuruzika, ameshika kofia ya shule ya mwanaye. Wakili akatamka haraka, Amon akisikiliza, Enoki akiandika kwa mkono apate kupiga taipu. Vifungu vinne. Cha nne kilisema: ardhi inabaki kuwa mali ya Amon na uzao wake, kuzikwa hapo hakumpi Sylvester haki yoyote, marehemu atahesabiwa mgeni katika ardhi hiyo, na mwenye ardhi akiihitaji, atahamishwa.

Halafu wakili akaanza kukusanya vitabu vyake, ana kesi Mbeya, gari linamsubiri. Enoki akakaa kwenye mashine, akapiga cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kupitia dirishani alikuwa anamwona Sylvester. Na alijua kuwa hatua inayofuata ni yeye, Enoki, kutoka nje na kumsomea mtu yule neno kwa neno kwamba mwanaye, ambaye hata hajaingia kaburini, ni mgeni na atafukuliwa. Kwetu mfiwa haambiwi hivyo. Mfiwa anapewa maji, anashikwa mkono, neno gumu linangoja matanga yaishe. Hata mlevi wa pombe anajua hilo. Enoki akaitoa karatasi kwenye mashine. Akajiambia, wiki ijayo, msiba ukipoa, nitawaita niongeze cha nne. Wakili akatia sahihi mlangoni, begi kwapani, bila kusoma, maana alimwamini karani wake. Enoki akatoka nje, akawasomea. Alipoishia cha tatu, Amon alimtazama. Amon alikuwa amesikia vyote vinne vikitamkwa. Alimtazama karani, akamtazama Sylvester, akainamisha kichwa, akatia sahihi. Ndiyo, na yeye alikuwa Mnyakyusa mwenye adabu zake.

Wiki iliyofuata daraja likaenda na maji. Mwezi uliofuata zikaja kesi nyingine hamsini. Jalada likaingia boksini, na Enoki, kila alipoikumbuka siku ile, aliikumbuka kama siku aliyotenda wema.

Alimweleza Tuntufye yote, bila kuficha. Huyo mama alisikiliza akiwa amemkumbatia kuku.

"Mashine ile ipo?" akauliza.

"Ipo chumbani."

"Chini ya cha tatu pana nafasi?"

"Ipo. Sahihi ziko chini kabisa."

"Basi si uongeze, tata? Si ndivyo walivyokubaliana? Si ndiyo kweli?"

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo palipomuumiza. Hakukuwa na uongo hata chembe katika mistari ile ya kifungu cha nne iliyokosekana. Aliikumbuka mpaka nukta. Aliingia chumbani, akaifunua mashine, akaigusa. Akasimama pale muda mrefu. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amewaona watu wakiletwa mbele ya wakili na karatasi za kughushi, na wakili akiwafukuza kama mbwa, na Enoki akifurahi. Aliifunika tena mashine, akatoka nje.

"Siwezi, mama. Nitasimama nieleze. Nitasema kosa ni langu. Watanisikia."

Tuntufye alimtazama kwa namna ambayo Enoki hajaisahau mpaka leo.

"Siku ile hukuogopa sheria," akasema. "Ulimhurumia mtu usiyemjua, ukaruka maneno ya wakili wako mwenyewe. Leo mimi ndiye mwenye shida, ndiyo sheria unaiona?"

Aliondoka. Kuku alimwacha, kamfunga mguu kwenye nguzo ya baraza. Felista alirudi sokoni akamkuta mumewe amekaa sakafuni, na safari hii hakufanya utani.

Ungeniuliza mimi, ningesema mzee akaichome hiyo karatasi na aseme panya wameila. Lakini amri ya baraza ilikuwa imekwisha andikwa, na yeye hakuwa mtu wa namna hiyo. Alienda Ikolo mara mbili kumwona Mzee Sylvester. Mara ya kwanza Nelson alimzuia uani. Mara ya pili hakukuta mtu, au walijifungia ndani. Alirudi na matope mpaka magotini. Kila alipoyatazama majalada yale alijiuliza ni vifungu vingapi vingine alivyovihurumia humo ndani. Jibu alikuwa nalo. Havikuwa vingi. Lakini vilikuwepo.

Siku ya kusikilizwa, chumba cha baraza kilijaa. Mwenyekiti alikaa katikati na wazee wawili wa baraza pembeni. Enoki alikula kiapo, akatoa karatasi, ikapokelewa, ikasomwa. Tuntufye alikuwa mbele yake, amefunga mikono, hamtazami. Akaeleza: wakili alitamka vifungu vinne, mimi nikapiga vitatu, hiki cha nne kilisema hivi na hivi, nilikiacha kwa ajili ya msiba.

Wakili wa Nelson alikuwa kijana mtaratibu. Akasimama.

"Mzee Enoki, karatasi hii uliipiga wewe?"

"Ndiyo."

"Ukawasomea wahusika wote kwa sauti, wakatia sahihi?"

"Ndiyo."

"Ulipowasomea, uliwaambia kuna kifungu kimebaki?"

"Hapana."

"Ukaihifadhi miaka ishirini na saba bila kuongeza chochote. Leo unasema haikukamilika. Sasa liambie baraza, wewe ulikuwa mwongo mwaka wa tisini na nane, au ni mwongo leo?"

Watu wakaguna. Angeweza kujibu maneno mengi, na njiani kurudi nyumbani yote yalimjia, lakini pale lilimtoka moja tu.

"Mwaka wa tisini na nane," akasema.

"Asante. Sina swali jingine."

Halafu aliletwa Mzee Sylvester. Nelson alimshika mkono mpaka kizimbani. Alikuwa amezeeka, jicho moja limefunikwa na ukungu, koti limemzidi mwili. Enoki aliinua kichwa. Hapo ndipo palipobaki tumaini lake lote: mzee huyu anajua. Mtu mwenye makaburi matatu kwenye ardhi ya mwenzake hawezi kusimama mbele ya Mungu akaruka ukweli.

Na mzee hakuruka. Hilo ndilo lililommaliza Enoki.

"Amon alikuwa ndugu yangu," akasema, pole pole, kwa Kiswahili chenye Kinyakyusa ndani yake. "Siku ile nilijua wataniambia, zika, lakini kesho utamtoa. Nilikaa nje nikisubiri kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimejiandaa. Huyu karani akatoka akanisomea. Hakuna mahali aliposema mtoto ni mgeni. Alisema nimepewa. Nikamwuliza, nimepewa kweli? Akasema, kweli, tata, nenda ukamlaze mwanao." Akamgeukia Enoki, akamtafuta kwa lile jicho zima. "Si ulisema hivyo?"

"Nilisema," Enoki akajibu, ingawa hakuna aliyemruhusu kujibu.

"Basi. Miaka yote hii namshukuru Mungu kwa ajili yenu wawili. Nilimleta na mama yangu pale kwa sababu nilijua ni kwangu. Sasa leo nasikia mlikuwa mnanidanganya kwa sababu nilikuwa nalia?" Alikuwa anauliza kweli, anataka kujibiwa. Mwenyekiti akasema mzee apewe kiti.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu. Haikuwa ya dhuluma, ole wangu, ingekuwa ya dhuluma mtu angepata pa kutukania. Mwenyekiti alisema maandishi yapo, yana muhuri na sahihi, hayana sharti, na maneno ya mdomo ya karani hayawezi kuongeza kisichoandikwa. Marehemu Amon mwenyewe aliyatia sahihi, na miaka ishirini na mbili aliyobaki hai hakuyalalamikia. Mwinuko wote, kutoka njia ya ng'ombe mpaka kijito, ni wa Sylvester. Haki ya kukata rufaa ipo, akasema. Tuntufye aliuliza rufaa ni nini, akaelezwa, akasema asante.

Asiyekuwepo na lake halipo, watu walisema wakitoka. Amon angekuwepo angesema. Enoki alisikia, akajua kuwa Amon angekuwepo bado angenyamaza, na kwamba yeye, Enoki, ndiye aliyekuwepo.

Alijaribu kumwendea Tuntufye pale nje. Aliandaa maneno ya kuomba radhi tangu asubuhi. Mama yule alimpita, akashika njia ya Ikolo, wajukuu wakimfuata nyuma, mmoja amebeba ndoo.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata walipokuja wote wawili, Tuntufye na Nelson, wakasimama barazani kwa Enoki bila kuangaliana. Nelson hakuwa mtu mbaya sana; alikuwa mtu aliyeshinda, na mtu aliyeshinda haijui sana sauti yake.

"Mzee, kuna kaburi la Amon," akasema. "Liko ndani ya ardhi yetu sasa. Baba hataki liguswe. Amesema alale. Lakini wakili wangu ameniambia tusirudie mambo yale, tuandikiane, na tuandike kila kitu. Huyu mama amesema aandike Enoki."

Enoki alimtazama Tuntufye. "Umesema mimi?"

"Wewe," akasema.

Walikaa. Felista alileta maji, akaondoka haraka. Enoki alichukua karatasi na kalamu, na Nelson akatamka, amekwisha fundishwa: majina, mahali, kaburi moja. Enoki akaandika. Kisha Nelson akakohoa, akatazama pembeni.

"Andika kwamba limeachwa kwa hisani. Kwamba mke wake na uzao wake hawana haki yoyote juu ya ardhi hiyo. Watakuja kufagia kwa ruhusa. Na kwamba marehemu ni mgeni pale, na siku mwenye ardhi akihitaji mahali hapo, watamwondoa wenyewe."

Kalamu ikasimama. Enoki aliyasikia maneno yale, akamwona Tuntufye mbele yake, nguo nyeusi imepauka, mikono juu ya magoti, wajukuu wake wamekaa kwenye ngazi. Mkono ulikataa. Alitafuta namna nyingine ya kusema, laini zaidi, kama alivyokuwa akitafuta maisha yake yote, na akafungua mdomo amwambie Nelson kuwa hilo la mwisho labda lingoje.

Tuntufye aliinama mbele, akaweka kidole chake kilichopasuka juu ya karatasi, pale pale palipokuwa peupe.

"Andika, tata," akasema. "Mimi usinihurumie."

Enoki akaandika.